Maua ya Shufwa, Maua ya Witiri: Kumweleza Rafiki Sikukuu na Kumbukumbu za Warusi

Ndugu zangu wanafunzi wa Kirusi, walimu wangu, na ninyi wakalimani mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, karibuni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili. Leo nalirudia kwa sababu kila muhula madaftari yanarudi na kosa lile lile.

Zoezi lenyewe mnalijua: mweleze rafiki wa nchi nyingine sikukuu za jadi za Urusi na kumbukumbu za taifa hilo. Mwanafunzi anaanza: Urusi ina sikukuu nyingi nzuri. Kuna Mwaka Mpya, kuna Krismasi, kuna Maslenitsa, kuna Siku ya Ushindi. Watu hufurahi, hula na kunywa. Pia kuna minara mingi ya kuvutia. Basi. Ukurasa umejaa na rafiki hajaambiwa kitu. Huyo rafiki tumpe makazi, tuseme yuko Tanga. Theluji hajaiona, lakini ana akili zake, na anataka kujua hivi: siku hiyo ikifika, mikono ya watu inafanya nini, saa ngapi, na kwa nini siku hiyo na si nyingine.

Ndiyo maana mimi huanzia kwenye ndoo ya maua.

Ni tarehe 9 Mei asubuhi, Siku ya Ushindi wa Vita vya Pili vya Dunia, nje ya kituo cha metro, Moscow au mji wowote mkubwa. Mama muuza maua ana ndoo imejaa karnesheni nyekundu. Anakuja mtu ananunua nne. Anakuja wa pili ananunua tatu. Ndoo ni ile ile na bei ni ile ile. Wa kwanza anakwenda kuzilaza kwenye mnara wa waliokufa vitani. Wa pili anampelekea mzee aliyepigana vita hivyo akarudi hai. Kwa Warusi, maua ya wafu ni shufwa: mawili, manne, sita. Maua ya walio hai ni witiri: moja, matatu, matano, saba. Ukimpelekea mwalimu wako maua manne siku yake ya kuzaliwa umempelekea maua ya kaburi, na asishangae mtu akimwona anachomoa moja kimya kimya na kuliweka kwenye glasi pembeni kabla ya kuyatia mengine kwenye chombo.

Najua kuna dada pale nyuma anajiuliza kama kweli watu wanakaa kuhesabu. Wanahesabu. Kwenye shada kubwa la maua ishirini au thelathini hakuna anayeangalia sana, lakini chini ya dazeni moja kila mtu anaangalia. Muuzaji akisikia unaomba manne au sita anajua safari yako ni ya makaburini, na hatakuongezea moja kwa ukarimu, maana angekuharibia.

Hapo hapo kwenye ndoo kuna mtego wa pili, na huu ni wetu hasa sisi tunaotafsiri kwa Kiswahili. Kwa Kirusi ua hilo linaitwa *gvozdika*. Fungua kamusi, gvozdika ni karafuu. Neno ni moja kwa vitu viwili: ua hilo jekundu, ambalo hata Kenya wanalilima, na karafuu yetu ya Pemba. Shina lake ni *gvozd*, yaani msumari, kwa kuwa karafuu kavu ina kichwa na mguu kama msumari mdogo. Na ua lilipewa jina la kiungo kwa sababu harufu zao zinafanana. Sasa mkalimani asiyeuliza anaandika: "Warusi huweka karafuu kwenye makaburi ya mashujaa." Msomaji wa Zanzibar ataona picha ya watu wakimwaga karafuu juu ya jiwe, na hutaweza kumlaumu. Kwenye pilau gvozdika ni karafuu. Kwenye mnara ni karnesheni, nyekundu, ya shufwa.

Mtaniuliza, mbona umeng'ang'ania maua, mada si sikukuu? Nimeng'ang'ania kwa sababu hesabu ile ndiyo inayoonyesha ukuta ambao daftari zote zinauruka. Kirusi kina *prazdnik*, ambayo ni sikukuu, na kina *den' pamyati*, ambayo ni siku ya kumbukumbu. Kwenye sikukuu unamsalimu mtu *s prazdnikom*, sawa na sisi tunaposema heri ya sikukuu. Kwenye siku ya kumbukumbu husemi hivyo. Tarehe 22 Juni, siku Ujerumani ilipoivamia Muungano wa Sovieti mwaka 1941, bendera hushushwa nusu mlingoti, vipindi vya burudani huondolewa kwenye televisheni, na watu huwasha mishumaa alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa kuwa mashambulizi yalianza saa hizo. Mwanafunzi anayemwandikia rafiki yake Mrusi "heri ya tarehe 22 Juni" amefanya kama mtu anayeingia msibani akiwa na keki.

Halafu kuna siku zenye nyuso mbili, na hizo ndizo zinazotaka maelezo. Tarehe 9 Mei ni sikukuu na ni msiba ndani ya siku moja, ndiyo maana ndoo moja inatoa shufwa na witiri. Mwambie rafiki kwanza kwa nini ni tarehe 9 wakati Ulaya Magharibi wanashika tarehe 8. Hati ya Ujerumani kusalimu amri ilitiwa saini Karlshorst, Berlin, saa nne na dakika 43 za usiku tarehe 8 Mei 1945 kwa saa za huko. Moscow ilikuwa imeshapita saa sita usiku, tarehe imeingia 9. Tofauti ni ya saa ya ukutani tu. Mwambie pia kwamba Wasovieti waliokufa katika vita hivyo ni takriban milioni 27. Ukiacha namba hiyo, hataelewa kwa nini mtu anacheka na kulia siku moja.

Na msiandike kwamba siku hiyo imeadhimishwa vile vile tangu 1945. Kuanzia 1948 ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, mapumziko yakarudishwa mwaka 1965. Gwaride la kijeshi la 9 Mei kwenye Uwanja Mwekundu halikuwa la kila mwaka enzi za Wasovieti: lilifanyika 1965, 1985 na 1990, la kila mwaka limeanza 1995, na vifaru na makombora vikarudishwa uwanjani 2008. Watu wanaotembea na picha za babu na bibi zao waliopigana, hilo lilianzia Tomsk mwaka 2012, likasambaa nchi nzima.

Nasikia pingamizi, na ni la haki: siku hizi 9 Mei ni siasa, serikali inaitumia kuhalalisha vita vya leo. Mweleze rafiki hilo pia, usimfiche. Gwaride ni la serikali, na serikali husema kwa gwaride inachotaka kusema. Lakini picha ya babu iliyokuwa ukutani kwa mama haikuchapishwa na serikali. Mwenye kueleza sawasawa anavitenganisha viwili hivi, ya nani ni ipi, halafu anamwachia rafiki aamue.

Sasa minara. Hapa nitasema ya miwili na wa tatu kwa kifupi, maana huwezi kueleza minara kumi ukaeleweka.

Wa kwanza ni Kaburi la Askari Asiyejulikana, Moscow, kwenye bustani ya Aleksandrovsky chini ya ukuta wa Kremlin. Tarehe 3 Desemba 1966 mabaki ya askari mmoja yalitolewa kwenye kaburi la pamoja, kilomita 41 kwenye barabara ya Leningrad, mahali Wajerumani waliposimamishwa wakiukaribia mji, yakazikwa hapo. Mnara ulifunguliwa 8 Mei 1967. Katikati kuna nyota ya shaba yenye ncha tano, na moto unatoka katikati ya nyota. Maandishi yanasema: *Jina lako halijulikani, ushujaa wako haufi.* Kando yake yamepangwa mawe yenye majina ya miji iliyopewa heshima ya ushujaa, na ndani ya kila jiwe kuna udongo wa mji huo.

Rafiki wa Tanga akisikia "moto wa milele" atafikiri juu ya Mwenge wa Uhuru. Mzuie mapema. Mwenge wetu unatembea, unakimbizwa wilaya hadi wilaya, na kazi yake ni kuzindua miradi na kubeba ujumbe kwa walio hai. Moto wa Kirusi haukimbizwi. Unalishwa na bomba la gesi, umekaa pale pale, na ni wa wafu. Huu wa Moscow ulisafiri mara moja tu ulipozaliwa: uliwashwa kwa moto ulioletwa kutoka Leningrad (Saint Petersburg ya leo), kwenye Uwanja wa Mars, ambako umekuwa ukiwaka tangu 1957. Askari wa ulinzi hubadilishana kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kituo hicho huitwa Kituo Namba 1, na tangu Desemba 1997 kipo hapo. Zamani Kituo Namba 1 kilikuwa kwenye kaburi la Lenin. Ukimweleza mgeni kwamba ulinzi mkuu wa nchi ulihama kutoka kwa kiongozi kwenda kwa askari asiye na jina, umemweleza jambo kubwa bila kutumia neno kubwa hata moja.

Wa pili ni makaburi ya Piskaryovka, Saint Petersburg, na hapa naomba mnisikilize. Mji huo, ukiitwa Leningrad, ulizingirwa kuanzia 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944, siku 872. Kuanzia 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941 mgawo wa mkate kwa siku ulikuwa gramu 250 kwa mfanyakazi wa kiwandani, na gramu 125 kwa watumishi wa ofisini, wategemezi na watoto. Msiandike "gramu 125" mkaendelea. Mwambie rafiki aende dukani kwa Mpemba, amwombe apime robo kilo ya sukari, kisha waigawe mara mbili. Ile nusu, kwa uzito, ndiyo chakula cha mtoto kwa siku nzima, na haikuwa sukari: ulikuwa mkate mzito wenye maji mengi, unga umechanganywa na mashudu ya pamba na selulosi ya mbao. Kipande kinaenea kwenye kiganja na vidole vinafunga juu yake. Watu walikikata vipande vitatu, asubuhi, mchana, jioni, na makombo yakaokotwa kwa kidole kilicholowa mate.

Kwenye Piskaryovka kuna makaburi ya pamoja 186. Wamezikwa takriban raia 420,000 na askari 70,000. Hakuna majina. Kila tuta refu la nyasi lina jiwe la graniti lenye mwaka tu: 1942. 1942. 1942. 1943. Na alama: nyota ni kaburi la askari, nyundo na mundu ni kaburi la raia. Mwisho wa njia kuna sanamu ya mama wa shaba ameshika shada, na nyuma yake ukuta wenye maneno ya mshairi Olga Bergholz, ambaye mwenyewe aliishi ndani ya mji wakati wa mzingiro: hakuna aliyesahauliwa na hakuna kilichosahauliwa. Watu wanapokwenda hapo hubeba maua ya shufwa, na wengine huacha kipande cha mkate au peremende. Mgeni asiyeambiwa atafikiri ni takataka. Mwambie asiiokote.

Na tarehe 27 Januari, siku mzingiro ulipovunjwa kabisa, ina nyuso mbili vile vile: usiku zinapigwa fataki, mchana wanaojitolea wanagawa kipande cha mkate cha gramu 125. Redioni husikika mdundo wa metronomu. Wakati wa mzingiro, vipindi vilipokosekana, redio ilipiga mdundo huo: wa polepole maana yake salama, wa haraka maana yake ndege zinakuja, kimbilieni mahandakini.

Wa tatu, Volgograd, kilima cha Mamayev, sanamu ya *Nchi Mama Inaita*, kazi ya mchongaji Vuchetich na mhandisi Nikitin, ilifunguliwa 1967, meta 85 hadi ncha ya upanga. Ngazi za kupandia ni 200 kwa sababu vita vya Stalingrad, yaani Volgograd hiyo hiyo kwa jina la zamani, vilihesabiwa siku 200. Ni ya zege, ndani ina uwazi, imesimama kwa uzito wake, haikufungwa kwenye msingi. Upanga wa kwanza ulitikiswa na upepo, mabamba yake yakapiga kelele, ukabadilishwa 1972 kwa upanga wenye matundu ya kupitisha upepo. Tuishie hapo.

Sasa sikukuu za jadi, na mfano ninaoupenda mnaujua. Maslenitsa. Daftari zinasema: "Maslenitsa ni sikukuu ya chapati za Kirusi na kuuaga msimu wa baridi." Si uongo. Ila rafiki wa Tanga ameachwa mlangoni, na ufunguo upo kwenye kinywa chake mwenyewe. Maslenitsa ni vunja jungu.

Tulieni, nieleze. Mtu wa pwani anajua zile siku za mwisho za Shaabani, mfungo umekaribia, watu wanakwenda ufukweni na masufuria, wanakula kwa kuaga. Maslenitsa ndiyo hiyo: wiki nzima ya mwisho kabla ya Mfungo Mkuu wa Waorthodoksi unaoishia Pasaka. Mtu akishajua hivyo, mengine yote yanajieleza. Kwa nini maziwa, siagi, mayai? Kwa sababu nyama imeshaagwa Jumapili iliyotangulia, na vitu vya maziwa vitakatazwa Jumatatu ijayo, basi vinamalizwa. Jina lenyewe linatoka kwenye *maslo*, siagi. Kwa nini tarehe hazitulii? Kwa sababu zinafuata Pasaka: mwaka 2026 ni tarehe 16 hadi 22 Februari, mwaka 2027 ni tarehe 8 hadi 14 Machi. Kwa nini Jumapili ya mwisho watu wanaombana msamaha? Lakini hilo nani wa pwani atauliza? Kabla ya Ramadhani simu zetu zinajaa "tusameheane". Mrusi anasema *nisamehe*, mwenzake anajibu *Mungu atakusamehe, nami nakusamehe*. Jibu ni hilo. Usijibu "hakuna shida", maana utakuwa umekataa alichokupa.

Tofauti zitajwe, la sivyo tutakuwa tumedanganya. Vunja jungu haina ratiba ya kila siku, Maslenitsa inayo, na hapa Kiswahili kinatubeba kuliko lugha nyingi. Jumatano mama mkwe, *tyoshcha*, yaani mama wa mke, anamkaribisha mkwewe kula blini, zile chapati za Kirusi. Ijumaa ni zamu ya mkwe kumkaribisha mama mkwe, na kwa desturi ya zamani anakwenda mwenyewe kumwalika, hatumi mtu. Jumamosi mke kijana anawaita mawifi zake na kuwapa zawadi. Wazungu wengi hapo wanahangaika, hawana neno. Sisi tuna wifi! Angalizo moja: wifi yetu inakwenda pande zote mbili, mke wa kaka na dada wa mume wanaitana wifi. *Zolovka* ya Kirusi ni dada wa mume peke yake. Jumamosi hiyo ni ya dada wa mume.

Jumapili huchomwa sanamu ya majani makavu iliyovikwa nguo za kike, ndiyo baridi inaondoka. Mtu wa Makunduchi ataikumbuka Mwaka Kogwa, kibanda cha makuti kinavyochomwa na watu wanavyopigana kwa migomba. Na Warusi wa zamani nao walipigana ngumi mstari kwa mstari kwenye Maslenitsa, kwa mchezo. Mwache akumbuke, lakini mwambie asizifanye ndugu: Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa jua wenye asili ya Uajemi, hauhusiani na mfungo wowote.

Na blini zenyewe. Msiseme tu "chapati". Chapati ya kusukuma ina unga mgumu na matabaka, blini humiminwa. Ndugu yake ni chapati ya maji. Nyembamba za nyumbani ni hivi: mayai matatu, nusu lita ya maziwa ya uvuguvugu, gramu 200 za unga wa ngano, kijiko cha chakula cha sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta. Piga mayai na chumvi na sukari, tia theluthi ya maziwa, tia unga wote ukoroge mpaka uwe laini, ndipo umimine maziwa yaliyobaki na mafuta. Anayemimina maziwa yote mara moja anapata mabonge na atayakimbiza mpaka mkono uchoke. Acha rojo litulie nusu saa, unga unywe. Asiyesubiri, blini zake zinachanika wakati wa kugeuza. Kikaango kiwe cha chuma kizito na kipate moto kweli. Nusu ya kiazi kibichi ichomwe kwenye uma, ichovywe mafuta, ipakwe kikaangoni, hivyo mafuta yanakuwa membamba sawasawa. Upawa mmoja, zungusha mkono upande huku ukimimina, dakika moja, geuza, nusu dakika, toa, paka siagi ikiwa bado moto. Ya kwanza itaganda. Warusi wana methali yake, *blini ya kwanza ni bonge*, na sababu ni kikaango kisichopata moto wa kutosha au mafuta mengi mno. Ile inaliwa na mpishi. Za asili ni nene, za hamira na unga wa bakwiti, zinataka saa kadhaa kuumuka. Huliwa na krimu chachu, asali, jamu, mayai ya samaki. Mwenye kushika dini haweki nyama wiki hiyo, kwa hiyo mkiandika "blini za nyama za Maslenitsa" mmevunja sikukuu yenyewe.

Lingine: Maslenitsa si siku ya mapumziko. Jumatatu hadi Ijumaa watu wako kazini, blini ni za jioni. Hata Pasaka haina Ijumaa Kuu wala Jumatatu ya mapumziko kama kwetu. Yanayopumzishwa kisheria ni tarehe 1 hadi 8 Januari, 23 Februari, 8 Machi, 1 na 9 Mei, 12 Juni, na 4 Novemba.

Naona saa. Kalenda basi, haraka. Urusi ilifuata kalenda ya Juliasi mpaka 1918; baada ya tarehe 31 Januari mwaka huo ikafuata 14 Februari. Serikali ilihama, Kanisa halikuhama. Pengo leo ni siku 13. Kwa hiyo Warusi hawaamini kwamba Yesu alizaliwa tarehe 7 Januari. Kanisani siku hiyo ni 25 Desemba. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yaliadhimishwa Novemba, na ndiyo maana kuna Mwaka Mpya wa Zamani, usiku wa kuamkia 14 Januari. Msomaji wetu anayeishi na kalenda ya mwezi na ya jua nyumba moja hatasumbuka. Ethiopia nao Krismasi yao ni 7 Januari.

Na hapo pana jambo ambalo hamliandiki: Mwaka Mpya wa Januari unaangukia ndani ya mfungo wa Krismasi, ambao unaanza 28 Novemba hadi 6 Januari. Wakati meza ya Mwaka Mpya ina saladi ya *Olivier*, viazi, karoti, mayai, matango ya chumvi, njegere, soseji na mayonezi, Mrusi aliyefunga haigusi. Mti wa Mwaka Mpya ulipigwa vita miaka ya 1920, ukaruhusiwa tena mwishoni mwa 1935, ila ukiwa wa Mwaka Mpya, si wa Krismasi. Ndiyo sababu zawadi kwa Warusi ni usiku wa tarehe 31 Desemba.

Tarehe 19 Januari, ubatizo wa Bwana: tundu hukatwa kwenye barafu, mara nyingi kwa umbo la msalaba, mtu anazama mara tatu na kutoka. Si lazima kidini, na aliyekunywa pombe haruhusiwi kuingia, moyo unaweza kusimama. 8 Machi, Siku ya Wanawake: maua ya witiri, mimosa ya njano. 4 Novemba: kufukuzwa kwa Wapolandi Moscow mwaka 1612, sanamu ya 1818 ya Minin na Pozharsky, walioongoza kazi hiyo, ilikuwa katikati ya Uwanja Mwekundu, ikasogezwa kando. 6 Juni, siku aliyozaliwa mshairi Pushkin, ambaye baba wa babu yake mzaa mama, Abram Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto. Na jina nalo ni kumbukumbu: ndugu zetu wa Kongo wanajua kwamba Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, likaondolewa 1992, likarudishwa 2023. Kila moja ya hizi ingetaka saa yake, na saa hiyo hatunayo.

La mwisho, kwa sababu wanaokwenda masomoni mwaka huu wataliona. Warusi hushika siku ya tisa na siku ya arobaini baada ya kifo. Arobaini! Hili halihitaji tafsiri. Huliwa *kutya*, ngano au wali uliopikwa na asali na zabibu kavu, kijiko kimoja kimoja kwanza, kabla ya chakula kingine. Pia siku ya tisa baada ya Pasaka, Jumanne, ni *Radonitsa*, watu wanakwenda makaburini na mayai yaliyopakwa rangi kwa maganda ya vitunguu. Ukialikwa kwenye meza ya namna hii, glasi hazigonganishwi. Na tarehe 9 Mei, mezani, mtasikia zikigonganishwa kwa ajili ya ushindi, kelele na vicheko. Halafu mtu mzima mmoja atasimama, wote watasimama, watanyamaza, na glasi hazitagusana, kwa ajili ya wasiorudi. Hata kama mkononi una juisi, simama nao, na usiigonganishe.